Sakafu kwanza, chati mwisho: kuandaa darasa la awali kabla ya Januari

Shule zikifungwa Desemba, mwalimu wa awali mwenye bidii hukimbilia dukani kununua manila na kalamu za rangi, na likizo nzima inaishia kwenye chati. Januari watoto wanapofika, ukuta unapendeza lakini sakafu ina mashimo, dumu la kunawia halina mti wa kutundikia, na tundu la choo ni la watu wazima. Mtoto wa miaka mitano siku ya kwanza hasomi chati. Anachokutana nacho ni pale anapokaa, pale anapojisaidia, maji anayonawia na mtu mzima anayeelewa anachosema. Kwa hiyo mpangilio ninaoushauri unaanzia chini kwenda juu, na ukuta unakuja mwisho.

Naandika nikifikiria madarasa ya huku kwetu Kigoma, kuanzia Ujiji na Kibirizi hadi shule shikizi (matawi ya shule mama) za Kasulu, Buhigwe na Uvinza, ambako darasa laweza kuwa chumba kimoja kisicho na mlango wala dirisha la kufunga. Mwenye darasa lenye vigae na feni atachukua yanayomfaa.

Idadi ya kweli

Mwongozo wa Serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, madarasa mengi yamevuka idadi hiyo mara mbili hadi mara nne, na mwalimu anayenunua vifaa kwa kufuata 25 atakwama wiki ya kwanza. Chukua idadi ya walioandikishwa kwa mwalimu mkuu, kisha pita kwa wenyeviti wa vitongoji uulize watoto wenye umri huo ambao bado. Ongeza robo juu ya walioandikishwa. Ukiwa na 60 kwenye daftari, jiandae kwa 75, maana watoto huendelea kuingia Februari na hata Machi, hasa familia zinazokuwa mashambani au kwenye kambi za dagaa.

Nafasi ipime kwa mkeka. Mkeka wa sentimeta 90 kwa 180 unakalisha watoto sita waliokunja miguu bila kugusana magoti. Watoto 75 wanahitaji mikeka 13, ambayo inakula mita za mraba 21. Chumba cha mita 7 kwa 8 kina mita za mraba 56, kwa hiyo zinabaki 35 za njia, meza na kona za kujifunzia kwa kucheza. Hapo unaweza kufundisha. Wakifika 120 unahitaji mikeka 20, na ingawa kwa hesabu wanaenea, kona hazifanyi kazi tena kwa sababu hakuna pa kupita. Idadi hiyo inataka nusu ya darasa iwe nje chini ya mwembe pamoja na mtu mzima wa pili, na huyo mtu mzima inabidi umwombe kwa kamati ya shule sasa, si Januari.

Kuhusu madawati nina msimamo: dawati la darasa la kwanza na la pili lisiingie awali. Kiti kinachomfaa mtoto wa miaka mitano kina urefu wa sentimeta 28 hadi 30 kutoka chini. Akikalishwa juu zaidi miguu inaning'inia, baada ya dakika kumi anaanza kuirusha, anampiga wa mbele, na mwalimu anasema darasa halina adabu. Kama huna viti vya kimo chake, mkeka safi juu ya sakafu nzima ni bora kuliko dawati refu.

Sakafu na paa

Kabla ya ufagio, angalia juu. Chumba kilichofungwa wiki nne huwa na nyigu kwenye papi (mbao zinazopigiliwa bati) na popo kwenye pembe za kenchi. Mzinga wa nyigu uondolewe jioni giza likiingia, wanapokuwa wametulia, na afanye mtu mzima aliyejifunika. Kinyesi cha popo kisifagiliwe kikavu. Kinyunyizie maji kwanza ili vumbi lake lisiingie puani. Mikeka iliyokunjwa ikunjuliwe nje, kwa fimbo, maana nge hupenda kulala humo.

Mashimo ya sakafu ya saruji ndiyo yanayoanza kutengenezwa, kwa sababu yanahitaji siku nyingi za kukaa bila kukanyagwa. Kata kingo za shimo kwa patasi mpaka ufike palipo imara. Fagia vumbi lote, lowesha, pakaza uji wa saruji, ndipo umwage mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tatu. Shimo la mita moja kwa mita moja lenye kina cha sentimeta 3 linakula nusu ndoo ya saruji na ndoo moja na nusu ya mchanga, kwa ndoo ya lita 20. Funika kwa gunia lililolowa na ulimwagilie kwa siku saba. Viraka vingi vya madarasani hubanduka kabla ya Pasaka kwa sababu mbili tu: vilimwagwa juu ya vumbi, na viliachwa vikauke haraka. Saruji inayokosa maji siku za mwanzo haishiki.

Sakafu ya udongo isidharauliwe, bali isiachwe na vumbi. Funza huzaliana kwenye udongo mkavu wenye vumbi, na mtoto asiye na viatu anayekaa humo saa tatu kwa siku ataondoka nao. Siriba kwa udongo wa kichuguu uliosagwa, sehemu mbili kwa moja ya mchanga. Udongo mtupu ukikauka hupasuka, na funza hurudi kwenye nyufa. Shindilia, acha ukauke, rudia kila mwezi. Kila asubuhi nyunyiza maji kabla ya kufagia.

Paa, bahati nzuri, linajisema lenyewe Desemba kwa kuwa mvua zimeshaanza. Ingia darasani wakati inanyesha, weka alama ya chaki kila linapodondoka tone. Kisha usiishie kutazama bati lililo juu ya alama. Maji huingia kwenye tundu la msumari, hutembea juu ya papi, na kudondoka mbali na pale yalipoingilia, kwa hiyo fuata mteremko kwenda juu. Mara nyingi tatizo ni mpira wa msumari uliochakaa: ng'oa, weka msumari mpya wenye mpira, ziba kwa lami.

Kuna jambo la bati ambalo halizibiki. Mvua kubwa ikipiga, sauti ya mwalimu haisikiki hata mstari wa pili, na Kigoma hilo litatokea mara nyingi hadi Aprili. Andaa mapema shughuli za mvua zisizohitaji kusikia: kadi kubwa za picha za kulinganisha, mchezo wa kuiga ishara za mikono, kufinyanga, kupanga vipande vya mbao. Ziweke kwenye boksi lake, watoto wajue kwamba bati likilia boksi lile linafunguliwa. Mwalimu anayeshindana na mvua kwa kupiga kelele anapoteza sauti yake kufikia Machi.

Maji, choo, uji

Mwaka 2015 kipindupindu kilipotokea Kagunga, kwenye wakimbizi waliokuwa wakiingia kutoka Burundi, kila mtu mkoani aliongea habari za kunawa mikono. Ugonjwa ukipungua watu husahau, na darasa la awali ndipo pa kuanzia upya kila mwaka.

Kibuyu chirizi, yaani dumu linaloinamishwa kwa kukanyaga mti, kinatosha kabisa, ila kijengwe kwa kimo cha mtoto. Fukia nguzo mbili zenye panda kina cha sentimeta 50, zibaki juu sentimeta 80 hivi, ulaze mti juu yake. Dumu la lita 5 litobolewe kwa msumari wa inchi mbili uliopashwa moto, sentimeta 10 chini ya mfuniko, upande usio na mkono. Likining'inia, tundu lifike kitovuni mwa mtoto, yaani sentimeta 60 hadi 65 kutoka ardhini. Funga kamba shingoni mwa dumu hadi kwenye kanyagio la mti mwepesi. Kanyagio zito linamfanya mtoto asimame juu yake kwa miguu miwili, na dumu linadondoka. Maji yakigoma kutoka ilhali dumu limejaa, legeza mfuniko kidogo hewa iingie. Chini mwaga changarawe, la sivyo baada ya siku tatu mtoto anatoka kunawa akiwa na matope hadi magotini.

Sasa idadi, ambayo ndiyo inayokosewa. Mtoto mmoja anatumia karibu nusu dakika. Watoto 60 kwenye dumu moja ni dakika 30, na hakuna foleni ya watoto wa miaka mitano inayovumilia hivyo. Watakwenda kula bila kunawa. Weka manne: kila dumu watoto 15, mnamaliza ndani ya dakika nane. Ukihesabu robo lita kwa kila mtoto pamoja na yanayomwagika, kunawa mara moja ni lita 15, mara mbili kwa siku lita 30. Hizo ni ndoo moja na nusu, na lazima ijulikane ni nani anazichota na kabla ya saa ngapi. Sabuni ya mche ikatwe vipande, kila kipande kitiwe kwenye soksi kuukuu au wavu wa vitunguu na kuning'inizwa. Ndani ya soksi haidondoki matopeni na haimaliziki kwa siku moja. Jioni iingizwe ndani. Sabuni za mawese na mise (kokwa za mchikichi) huliwa na panya na kubebwa na kunguru.

Maji ya kunywa yawe kwenye ndoo yenye koki, yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Shule za mwambao zina kishawishi cha kuchota ziwani kwa kuwa maji yanaonekana meupe. Weupe wake hauhusiani na usalama wake.

Choo: tundu linalomtosha mtu mzima linamtisha mtoto, na ana haki ya kuogopa. Atajisaidia pembeni au atajizuia mpaka ajichafue darasani. Kama hakuna choo cha awali, seremala atengeneze ubao wa kufunika tundu kubwa, wenye tundu dogo lisilozidi sentimeta 15 kwa upana, na mshikio wa mti ukutani wa kujishikiza anapochuchumaa. Ubao usiooshwa kila siku ni hatari kuliko kutokuwa nao, hivyo aoshe mtu anayejulikana. Weka darasani nguo za akiba, kaptura na sketi tano kuukuu. Zitatumika.

Uji ni makubaliano ya wazazi, na kikao kifanyike kabla ya Krismasi kwa sababu Januari kila mzazi ana mahitaji ya sare na madaftari. Nendeni na hesabu iliyokwisha: kikombe cha robo lita kinahitaji gramu 50 za unga, basi watoto 60 ni kilo 3 za unga na lita 15 za maji kwa siku, sukari karibu kilo moja. Unga ukae juu ya chaga, si sakafuni. Uji uepuliwe na kumiminwa dakika ishirini kabla ya mapumziko. Watoto hawasubiri upoe, na wengi huungua midomo siku ya kwanza ya uji.

Vifaa vya kona

Hapa ndipo darasa la awali linapofanana na jina lake. Huhitaji kona saba siku ya kwanza. Anza na tatu, ya hesabu, ya ujenzi na ya nyumbani, kisha uongeze moja kila baada ya wiki mbili. Ukifungua zote pamoja watoto hukimbia huku na huku, vifaa vinachanganyika, na ifikapo Ijumaa vizibo viko kwenye vyungu na vyungu vimevunjika. Kona mpya inayofunguliwa peke yake unapata nafasi ya kuonyesha: hiki kinashikwa hivi, ukimaliza kinarudi hapa.

Hesabu ya vifaa inawatisha walimu bure. Watu husema watoto 60, kila mmoja vihesabio 10, jumla 600. Si kweli, kwa sababu hawaendi wote pamoja. Ukiwagawa makundi sita ya watoto kumi, kundi moja tu ndilo liko kwenye kona ya hesabu kwa wakati mmoja. Vihesabio 100 vinatosha, ongeza 30 vya kufidia vitakavyopotea.

Vihesabio gani? Muhula unapoanza usitoe maharage wala punje za mahindi. Mtoto mdogo huingiza kitu puani au sikioni kwa udadisi tu, na harage likikaa pua yenye unyevu linavimba, halitoki tena mpaka hospitali. Wiki za mwanzo tumia vitu vikubwa: magunzi yaliyokatwa vipande vya sentimeta 5, vijiti vya sentimeta 10 vilivyofungwa makumi makumi kwa raba, mawe laini ya ufukweni yenye ukubwa wa limau. Baadaye, wakishazoea kwamba kifaa hakiendi mdomoni, leta vizibo vya soda na vifuu vya mise, ambavyo Kigoma ni bure kabisa palipo na mtambo wa mawese. Vifuu vichaguliwe visivyo na ncha, vizibo vichemshwe na sabuni, maana sukari iliyobaki huita sisimizi na nzi.

Katika kuokota mbegu, onya kila anayekusaidia kuhusu mbarika, ile mbegu yenye madoa mazuri inayoitwa pia nyonyo, na mbono kaburi inayopandwa kama uzio. Zote zina sumu. Na zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, ambazo watoto hupenda kutunga shanga, nazo ni sumu kali. Zinapendeza mno machoni mwa mtoto, na ndiyo sababu zisionekane darasani hata kwa mapambo.

Kona ya ujenzi inajazwa na mafundi. Wanaounda maboti Ujiji na Kibirizi hubakiza vipande vya mbao vinavyotupwa au kuchomwa, na ukiomba kwa heshima unapata gunia. Chagua vipande vya sentimeta 5 hadi 20, ng'oa misumari yote, piga msasa kingo mpaka ukipitisha kiganja hakikwaruzi. Usivipake rangi ya mafuta. Vipande 80 vya maumbo tofauti vinatosha kundi la watoto kumi. Vikiwa pungufu ya hapo wanagombana kwa sababu hakuna anayemaliza nyumba yake. Vipande vilivyopakwa lami ya boti viache.

Ya nyumbani ni rahisi: sufuria kuukuu, kinu kidogo, mwiko, mdoli wa vitambaa, kipande cha kitenge cha kumbebea. Ya duka, ukiifungua baadaye, iwe duka wanalolijua: kopo la kupimia dagaa, chupa ya mawese iliyooshwa, maboksi matupu ya chumvi na majani ya chai. Duka la picha za tufaha na zabibu halimfundishi kitu mtoto wa kijiji kama Kalinzi.

Udongo wa kufinyanga utayarishwe wiki mbili kabla. Chota udongo wa mfinyanzi, uloweke ndoo nzima siku tatu, ukoroge, uchuje kwa chandarua kuukuu kutoa mawe na vipande vya chupa, uache utuame, umwage maji ya juu, kisha uukande. Tonge linalojaa kiganja cha mtu mzima latosha mtoto mmoja. Ukipasuka wakati wa kukunja ni mkavu. Ukinata mikononi una maji mengi, uanike juu ya gunia saa moja. Hifadhi ndani ya nailoni, ufunike kwa kitambaa kilicholowa. Mchanga wa kuandikia kwa kidole utoke nchi kavu ufukweni, uchekechwe, uanikwe juani, umiminwe kwenye trei ya ubao yenye kingo za sentimeta 5 na kina cha mchanga cha sentimeta 2. Ukizidi kina, alama ya kidole inajifukia. Unyunyizie maji kidogo ili herufi isimame.

Rafu isizidi sentimeta 60 kwenda juu: matofali na mbao, ngazi mbili, bila kuegemezwa kwa kitu kinachoyumba. Darasa lisilo na mlango linahitaji kasha lenye kufuli, na hili naliweka juu ya orodha ya maombi kwa kamati, juu hata ya chati. Vifaa vilivyokusanywa kwa mwezi mzima huweza kuisha kwa jioni moja ya mbuzi na watoto wakubwa.

Nje, tairi kuukuu ni kifaa kizuri cha kuchezea ilmradi litobolewe. Tairi zima linalokusanya maji ya mvua ni kiwanda cha mbu, na malaria tunayo ya kutosha. Toboa matundu manne chini, fukia theluthi moja, angalia nyaya zisichomoze. Bembea isifungwe kwenye tawi kavu; mtu mzima aning'inie kwanza.

Ukuta

Sasa chati, na ziwe chache. Mtoto wa miaka mitano ana urefu wa karibu sentimeta 110, macho yake yako sentimeta 100 kutoka chini. Chati ianze sentimeta 70, iishie 120. Zinazobandikwa juu ya dirisha ni za mkaguzi.

Manila hulegea kwa unyevu wa msimu huu na kujikunja. Viroba vya sandarusi vilivyooshwa na kugeuzwa ndani nje hudumu miaka. Andika kwa rangi ya mafuta, tundika kwa kamba na kijiti juu na chini ili kisijikunje. Herufi ndogo, urefu wa sentimeta 5 au zaidi, ziandikwe kwa umbo lile lile watakalolikuta kwenye kitabu. Herufi ya a ikiandikwa kwa maumbo matatu tofauti kwenye kuta nne, mtoto anadhani ni herufi tatu. Siku ya kwanza ukutani pawepo vitu vitatu tu: irabu tano, picha za ratiba ya siku (kuingia, kucheza, kunawa, uji, kwenda nyumbani), na nafasi tupu ya kazi za watoto. Sehemu kubwa ya ukuta iwe hiyo tupu. Itajaa.

Karatasi unayoibandika haihitaji gundi ya dukani. Koroga kikombe kimoja cha unga wa muhogo kwenye kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina vikombe vitatu vya maji yanayochemka huku ukikoroga, rudisha motoni mpaka iwe kama kioo, tia kijiko cha chumvi kupunguza ukungu. Ukianza na maji ya moto mabonge hayatoki tena. Ipake nyembamba, maana mende hula gundi nene na karatasi pamoja nayo. Gundi hiyo hiyo ikichanganywa na mkaa uliosagwa, udongo mwekundu uliochekechwa au manjano hutoa rangi za kuchorea.

Lugha na wiki ya kwanza

Ujiji watoto wengi huja na Kiswahili kutoka nyumbani. Kasulu, Buhigwe au Kibondo mtoto anaweza kufika na Kiha peke yake, na vijiji vya mwambao vina watoto wa Kibembe. Darasa ni la Kiswahili, lakini mtoto anayesema ana haja ndogo na haeleweki atajikojolea mbele ya wenzake, na kesho atakataa kuja. Kama lugha ya pale huijui, mwombe mzazi akuandikie maneno kumi: choo, maji, njaa, tumbo linauma, nimeumia, nyumbani, mama, njoo, kaa, usiogope. Yajifunze kabla ya kufungua shule. Ukimjibu mtoto kwa neno lake kisha ukalirudia kwa Kiswahili, ataliokota haraka.

Watoto 75 wasiingizwe siku moja. Zungumza na mwalimu mkuu: Jumatatu 25, Jumanne 25 wengine, Jumatano 25 wa mwisho, Alhamisi wote. Kila kundi kwenye siku yake linafundishwa mambo matatu tu, njia ya chooni, kunawa, na kurudisha kifaa mahali pake, kisha linaruhusiwa saa nne na nusu. Siku hizo tatu zinaonekana kama kupoteza muda kwa walimu wa madarasa ya juu. Anayewapokea wote pamoja hutumia Januari nzima kufundisha mambo hayo hayo matatu, kwa kelele.

Kila mtoto apewe utepe wa rangi ya kundi lake, rangi sita kwa makundi sita. Mabaki ya vitenge kwa mafundi cherehani wa Mwanga, hapa mjini Kigoma, yanatosha shule nzima. Ufungwe kifundo cha mkono, usifungwe shingoni, wala usitumie pini. Jina liandikwe kwa kalamu isiyofutika, pamoja na kitongoji na jina la anayemchukua, kwa sababu wiki ya kwanza mtoto anayeulizwa kwao wapi hujibu "kwetu".

Shughuli moja isizidi dakika 20, na baada ya kukaa wafuatie kusimama. Mtoto anayelia mlangoni asinyang'anywe mama kwa nguvu. Mama aketi mkekani nusu saa, aage kwa sauti, aondoke. Kuchomoka kimyakimya mtoto akiwa amegeuka humfanya asikuamini hata wewe.

Tengeneza tepe 15 zaidi ya idadi yako, bila majina, uziweke kwenye kopo karibu na daftari la mahudhurio. Mtoto atakayeletwa katikati ya Februari akute rangi yake, nafasi yake mkekani na mwenzake mmoja wa kundi aliyepewa kazi ya kumpeleka chooni na kwenye dumu. Asipoandaliwa hivyo atakaa nyuma karibu na mlango, na watoto wa namna hiyo ndio wanaoacha kuja kabla ya Pasaka.